Chuma Hakijirekebishi

Navin Sookdeo alikuja uwanjani kwetu na karatasi yenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na hapo hapo nikamwonea wivu. Si kwa viatu vyake vyeupe, wala kwa ile mashine ya kupimia sauti aliyoibeba kwenye sanduku lenye sponji utadhani mayai. Ile tarehe ya pili ndiyo iliyonichoma. Mimi, Ketura Bartholomew, nilikuwa na miaka saba chini ya fundi wa bendi, Mzee Lezama, na hakuna aliyejua nitamaliza lini. Mama yangu alikuwa akiniuliza kila Jumapili akipakua chakula, mpaka akachoka kuuliza.

"Wiki kumi na mbili, Mzee," Navin alisema. "Mimi ni mtarajali kutoka chuo kikuu. Naangalia kazi inavyofanyika, napima, naandika ripoti. Mwisho unanisainia hapa chini."

Mzee Lezama akaishika karatasi mbali na macho. "Wiki kumi na mbili? Hata pipa halitakuwa limekuzoea."

"Na dada huyu?"

"Huyu mwanagenzi wangu."

"Mkataba wake ni wa muda gani?"

Wapigaji waliokuwa wakikaza stendi pembeni wakaangua kicheko, mmoja akaangusha spana. Mkataba! Nahodha wetu wa bendi, Hollis Quamina, akamshika kijana bega na kumwambia, "Bwana mdogo, huyu hana mkataba. Huyu ameolewa na nyundo." Tangu siku hiyo Navin akaitwa Wiki Kumi na Mbili, na aliitika bila kinyongo. Hilo lilinifanya nimpende kidogo, ingawa sikuwa nimepanga.

Kwetu Belmont, ukitaka kujifunza kutengeneza pani, zile ngoma za chuma cha pipa zenye sauti nyingi, kila moja mahali pake, unakwenda kwa fundi na mikono yako tu. Anakuonyesha pipa tupu la mafuta, anakupa nyundo nzito, anakuambia uzamishe kitako chake mpaka kiwe kama karai. Mimi nilizamisha miaka miwili na nusu. Mabega yaliuma, na nilipolala mikono iliendelea kutetemeka. Kisha nikapewa tindo ya kuchorea mipaka ya kila sauti, kisha nikapewa moto wa kuchomea chuma. Mwaka wa nne ndipo nilipopewa nyundo ndogo ya kutia sauti, na hiyo ni kwa pani za watoto wa shule tu. Pani za mstari wa mbele, zile bendi inazosimama nazo kwenye mashindano ya Panorama, ni za fundi peke yake.

Na sheria ya karakana ni moja. Sifa ni ya fundi, kosa ni la mwanagenzi. Pani ikiimba, huyo ni Lezama. Ikikwaruza, "Ketura alizamisha vibaya." Mimi sikuona tatizo. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na aliyemlea vile vile.

Mwaka huo huo wa nne niligundua kwamba Mzee hasikii. Maneno aliyapata, hasa ukimtazama usoni, na sauti nene za pembeni mwa pani alizipata. Zile ndogo za katikati, zile nyembamba, zilikuwa zimemtoka. Miaka arobaini na tano unagonga chuma umeinamisha sikio, utabaki na nini? Alimaliza pani jioni, akaipigapiga kwa kijiti chenye mpira, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nyuma yake nilisikia meno yakiniuma. Zile sauti sita za katikati zilikuwa zimepanda, zinalia kama bawaba kavu. Nikamchungulia uso, nikaona hajui. Au ndivyo nilivyodhani.

Sasa ningefanya nini? Nimwambie nani? Fundi wa pani asiyesikia hana kazi, na Mzee Lezama bila kazi nilikuwa siwezi hata kumfikiria. Basi kesho yake nikaja saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikachukua nyundo yangu ndogo na kuzishusha zile sauti sita moja moja. Ni kazi ya subira, maana ukigusa moja jirani yake inahama, ukimfuata jirani ya kwanza inarudi. Saa mbili nilikuwa nimefagia uwanja na nimekaa nakula dabo zangu, ile mikate ya kukaanga yenye dengu na pilipili kidogo, utadhani ndiyo kwanza nafika. Mzee akaja saa nne, akagusa pani, akasema, "Imekaa vizuri hii." Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Nilifanya hivyo miaka mitatu. Pani zote za mbele. Sikumwambia mtu.

Huyu Navin sasa. Alikuwa na adabu ya kupima. Jioni Mzee akimaliza tu, Navin anaweka mashine yake, anapiga kila sauti mara tano, anaandika. Asubuhi saa tatu anarudi na kupima tena, kwa sababu waliambiwa chuoni kwamba kipimo kimoja ni uvumi. Wiki ya tano alinijia mbio, daftari limefunguka.

"Dada Ketura! Njoo uone! Sauti hizi sita za katikati jana jioni zilikuwa juu. Leo zimeshuka zenyewe, zimekaa pale pale zinapotakiwa. Na hii ni pani ya tatu!"

Nilikuwa na dabo mdomoni. Nikatafuna polepole. "Labda ni baridi ya usiku," nikasema. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

"Nimepima joto. Joto ni lile lile! Ni chuma, dada. Chuma kinatulia usiku, na Mzee anajua kitatulia kiasi gani, kwa hiyo anaziacha juu makusudi. Unaona? Anakitegea chuma! Hakuna kitabu chochote kilichoandika jambo hili."

Wacha nikuambie, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kijana ana shahada karibu mkononi, na halikumpitia akilini hata kidogo kwamba kuna mtu anaamka mapema. Aliona tarakimu za jioni na tarakimu za asubuhi, na katikati yake akaona chuma tu. Mimi hakuniona. Lakini nitamlaumuje? Hata mimi nilikuwa nimefanya kila njia nisionekane.

Jambo likatoka daftarini likaingia mtaani. Hollis Quamina alilitangaza kila mahali, kwamba pani za Lezama hujirekebisha zikilala. Watu wa bendi nyingine wakaja kuchungulia uani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mzee wangu hakutia maji popote, ila alianza kuvaa kofia ya Jumapili siku za kazi. Navin akimwuliza, "Mzee, unajuaje chuma kitashuka kiasi gani?" anamjibu, "Unakisikiliza, Profesa. Unakisikiliza tu." Nami niko pale, nazamisha pipa, nakaribia kujigonga mguu.

Wiki ya kumi na mbili, ya mwisho, mhadhiri wa Navin akataka kuona kwa macho yake. Dakta Persad, mwanamke mfupi asiyetabasamu ovyo. Alikuja Jumatatu asubuhi, akasoma daftari lote amesimama, kisha akasema mbele yetu sote: "Leo Mzee atie sauti pani moja. Jioni Navin aipime. Ifungiwe chumbani kwa nahodha, ufunguo nikae nao mimi. Kesho saa tatu tuifungue na kuipima hapa hapa."

Zilibaki siku tisa kabla ya nusu fainali ya Panorama kule uwanja wa Savana. Quamina akasugua mikono. "Ikiwa kweli, tunaingia na jina hata kabla ya kupiga."

"Na isipokuwa kweli?" mtu akauliza kwa nyuma.

"Isipokuwa kweli," Quamina akasema, na sasa hakuwa anacheka, "nitajua pani zangu ziko mikononi mwa nani. Na nitatafuta mikono mingine."

Nikamtazama Mzee. Nilimwomba kwa macho akatae. Akajikohoza, akarekebisha kofia. "Fungieni," akasema.

Jioni pani ikafungiwa. Nilisikia zile sauti sita kabla hazijafunikwa, na zilikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuzisikia. Ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa Dakta Persad, ukaenda zake. Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa nilipomfuata Mzee nyumbani kwake. Nilimkuta barazani na glasi ya mobi, kile kinywaji cha magome machungu anachokipenda. Nikavuta kiti na kukaa mbele ya uso wake ili aone midomo yangu.

"Mzee, kuna jambo nimekuficha."

"Zile sauti za katikati," akasema.

Nikasogeza kiti karibu zaidi.

"Binti, nyundo yangu ina kovu upande mmoja. Kila ninapogonga inaacha alama ndogo. Yako haina. Unadhani sioni alama za nyundo kwenye pani yangu mwenyewe? Masikio yamekwenda, macho yapo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Miaka mitatu! Miaka mitatu naamka gizani nikimwonea huruma, na yeye anakuja saa nne kutazama alama zangu na kusema imekaa vizuri. Nilisimama. Sijawahi kumpandishia sauti Mzee Lezama, lakini siku ile majirani walisikia.

"Kwa hiyo ulijua naweza! Ulijua nimeiva! Kwa nini hukuniachia?"

"Ningekuachia ungekwenda."

"Si ndiyo maana ya kujifunza? Mtu si anajifunza ili aende?"

Akaweka glasi chini. "Yule kijana ana karatasi ina tarehe. Akimaliza amemaliza, hata kama hajui kitu. Wewe ulinipa miaka yako bila tarehe, na mimi nikaila. Ndiyo. Niliila. Nilikuwa naogopa, Ketura. Kila mwaka nilisema baada ya Kanivali hii, nikasema tena baada ya ile."

Hasira yangu ilikuwa na mahali pa kukaa sasa, lakini ilikataa kukaa. Alikuwa mzee mwenye kofia ya Jumapili. Nilimchukia na nilitaka kumshika, vyote kwa pamoja.

Kisha akasema lile jambo. Alilisema akiangalia chini. "Kesho watakapopima, useme ulizamisha vibaya. Useme pipa lilikuwa na kasoro kabla halijafika kwangu."

Hakuwa na haja ya jibu, na mimi nilijua hivyo. Mwanagenzi hubeba. Nilishuka kilima nikiwa nimeshalibeba.

Asubuhi uwanja ulijaa. Dakta Persad akatoa ufunguo, Quamina akaileta pani na kuiweka kwenye stendi katikati. Navin alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Mzee alisimama kando ya pani, mikono nyuma. Navin akapiga sauti za nje, akasoma mashine, akaandika. Akaja katikati. Akapiga ya kwanza mara tano. Akapiga ya pili. Kalamu yake ikasimama.

Alipiga zote sita. Hazikuwa zimehama hata unywele.

Akafungua ukurasa wa jana, akalinganisha. Akafungua kurasa za nyuma, za wiki zote. Halafu akainua kichwa, akanitazama. Alinitazama mikono, akanitazama viatu vyangu vyenye umande wa alfajiri, akanitazama usoni, na nikaona anaelewa. Ilimchukua wiki kumi na moja kuniona, lakini aliponiona aliniona vizuri.

"Mzee Lezama," Quamina akasema. "Kulikoni?"

Nikapiga hatua mbele. "Ni mimi. Nilizamisha..."

"Ni mashine yangu," Navin akanikata. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Samahani, Dakta. Nadhani niliipima vibaya tangu mwanzo. Vipimo vyote. Mashine ilikuwa na hitilafu, sikuikagua. Kosa ni langu."

Dakta Persad akamkazia macho. "Vipimo vyote, Navin? Unajua unachosema? Huna ripoti, basi."

"Najua."

"Pipa ndilo lenye kasoro," nikasema kwa nguvu. "Nililizamisha mimi!"

"Mashine, Dakta. Kwa kweli ni mashine."

Tulikuwa tunagombea kosa kama watu wanaogombea kiti kwenye basi, na watu wakawa wanatugeukia huyu na huyu. Mzee hakuwa anapata maneno yote. Alikuwa akiangalia midomo yetu, kwangu, kwa Navin, kwangu tena. Sijui alipata neno lipi. Nilichoona ni uso wake kubadilika alipotambua kijana anasema nini. Yule kijana alibakiza siku nne tu aondoke. Hakuwa na deni lolote kwa Mzee.

"Nyamazeni nyote wawili," Mzee akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Mnasema uongo, na hamjui hata kuusema. Chuma hakijirekebishi. Hakijapata kujirekebisha tangu kiumbwe. Mimi sisikii, Quamina. Sauti za juu zimenitoka miaka mingi. Kila pani uliyosimama nayo miaka mitatu hii, katikati yake ni kazi ya huyu binti. Amekuwa akija alfajiri kunitengenezea, na mimi nimekuwa nikimwacha."

Hakuna aliyecheka. Quamina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilimwona anahesabu siku.

"Ketura. Utaweza zote? Thelathini na mbili, kwa siku nane?"

Nilitaka mtu aniambie kama nitaweza. Nikamgeukia Mzee kwa mazoea, naye alikuwa ameangalia pembeni. "Nitaweza," nikasema.

Nikachukua nyundo ndogo, nikainama juu ya pani mbele ya watu wote, mchana, na kuzishusha zile sita. Ilinichukua karibu saa nzima. Hakuna aliyeondoka. Navin hakuwasha mashine. Alikaa chini kwenye vumbi na shati lake la pasi, anaangalia mkono wangu unavyokwenda kwa jirani na kurudi. Mwisho Dakta Persad akamwambia, "Hilo uliloliona leo, liandike. Una siku nne." Akaandika, na nasikia alipata alama za wastani. Ijumaa Mzee alimsainia karatasi, Navin akatuaga mmoja mmoja, na mimi nikampa dabo za njiani. Tarehe yake ilikuwa imefika, basi akaenda.

Mimi sikupewa karatasi. Nilipewa pani thelathini na mbili na funguo za banda. Nikafika kazini Jumamosi, nimechoka hata kabla ya kuanza, nikasikia nyundo nzito inagonga nyuma ya banda. Nikazunguka. Mzee Lezama alikuwa amevua kofia ya Jumapili, amekaa kwenye kile kigoda nilichokaa miaka miwili na nusu, na pipa liko kati ya magoti yake. Kuzamisha hakuhitaji sikio.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Utahitaji mapipa," akasema bila kuinua kichwa. "Nani mwingine atakuzamishia?"

Nikamwacha. Siku nzima tuligonga, mimi ndani, yeye nje, na watu waliopita walitazama na kuondoka haraka kama waliokuta mtu anaoga.

Siku ya tatu aliniletea pipa la kwanza. Nikalipapasa. Upande wa kushoto alikuwa amezamisha mno, chuma kimekonda, kingepasuka motoni. Lingekuwa la mtu mwingine ningelirudisha kwa neno moja. Nilisimama nalo mlangoni. Nikawaza kulificha. Nikawaza nije alfajiri nitafute lingine nilizamishe mwenyewe, nimwambie lake limefaa. Mikono yangu ilikuwa inajua kabisa njia hiyo.

Nikatoka nalo. Nikapiga magoti mbele yake, kwa sababu kumpigia kelele nisingeweza, uwanja mzima ungesikia. Nikamshika mkono wa kulia, ule wenye sugu kubwa, nikauweka pale palipokonda.

Akapapasa. Akapapasa tena, polepole, macho amefumba.

"Kweli," akasema. "Hili ni bovu. Nipe lingine."